Vidole vya nani kwenye kibodi?

Kila mwaka ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, saiba za mji wa Malakisi, kaunti ya Bungoma, hujaa. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwenye iTax, na watu humiminika kutoka vijijini, hata kutoka upande wa Sirisia na Lwakhakha: mwalimu mstaafu, mama mwenye duka la dawa za mifugo, kijana aliyechukua PIN ya mamlaka ya kodi, KRA, kwa ajili ya kazi ambayo hatimaye hakuipata. Mteja huketi kando na kutaja namba ya kitambulisho. Mhudumu ndiye anayechapa. Nywila imeandikwa kwenye daftari la saiba tangu mwaka jana, au mteja anainong'ona, au imesahaulika na inabidi itengenezwe nyingine papo hapo. Jioni ikifika, mtambo wa kodi umepokea walipa kodi wengi kutoka kompyuta ile, kila mmoja kwa jina lake. Vidole vilivyogusa kibodi ni vya mtu mmoja.

Ipo teknolojia inayoweza kuligundua hilo. Inampima mtu kwa jinsi anavyochapa, bila kujali anachoandika. Hupima kidole kimekaa juu ya kitufe kwa muda gani, kisha muda unaopita kati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Vipimo hivyo ni vya sehemu za elfu za sekunde. Vikikusanywa kwa mistari michache tu, hutokea mwendo ambao mwenyewe hana habari nao: anavyochelewa kidogo kabla ya herufi fulani, anavyoruka haraka kutoka nyingine, anavyosahihisha makosa. Kila mtu anajua tofauti ya katibu aliyesomea kuchapa kwa vidole kumi na mtu anayetafuta herufi kwa vidole viwili. Linaloshangaza ni kwamba hata makatibu wawili waliofundishwa na mwalimu mmoja hawalingani, kama vile watu wa nyumba moja wanavyojuana kwa vishindo vya hatua gizani.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko kompyuta. Waliofanya kazi ya telegrafu walikuwa wakimtambua mwenzao wa stesheni ya mbali kabla hajataja jina, kwa jinsi alivyogonga nukta na vistari vya Morse. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza waliosikiliza redio za Wajerumani walimjua mpiga Morse kwa mkono wake hata pale walipoambulia ujumbe wa siri wasioweza kuusoma, na kwa kumfuata yeye waliweza kufuata kikosi chake kinapohama. Mwaka 1980 shirika la utafiti la RAND huko Marekani lilichukua wachapaji saba wa kazi hiyo, likawapa kifungu cha maandishi wakichape, na baada ya miezi minne likawarudisha kuchapa kifungu kilekile. Watafiti waliona kwamba jozi tano tu za herufi, in, io, no, on na ul, zilitosha kuwatenganisha wachapaji hao. Ukitazama kibodi utaona kuwa herufi zote za jozi hizo ziko upande wa mkono wa kulia.

Saba ni wachache mno kujengea hukumu. Kipimo kigumu zaidi kilikuja mwaka 2009, pale Kevin Killourhy na Roy Maxion wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipowaketisha watu 51, kila mmoja akachapa nywila moja yenye herufi kumi mara 400, kisha wakazishindanisha mbinu 14 za kutambua. Mbinu iliyoshinda ilikuwa na kosa la asilimia 9.6. Maana yake ni kwamba, mtambo ukiwekwa mahali ambapo makosa ya pande zote mbili yanalingana, mgeni mmoja kati ya kumi hivi atapita, na mwenyewe atakataliwa karibu mara moja katika kila majaribio kumi. Wakati huo kiwango cha Ulaya cha mitambo ya kulinda milango kilidai mwenyewe asikataliwe hata mara moja kwa mia, na mgeni asipite zaidi ya mara moja kwa laki moja. Umbali kati ya namba hizo mbili ndio umbali kati ya maabara na mlango wa benki.

Ni kweli mambo yamesonga mbele tangu hapo. Mtu akichapa maandishi marefu badala ya nywila moja, mtambo hupata mengi ya kupima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walikusanya mibonyezo milioni 136 kutoka kwa watu 168,000, wakaitoa kwa yeyote mwenye kutaka kuitafiti. Data hiyo, pamoja na nyingine ya simu, ndiyo iliyotumiwa na mtambo uitwao TypeNet, uliotengenezwa Madrid, na kosa likashuka hadi asilimia 2.2 kwenye kibodi za kawaida. Kwenye skrini za kugusa lilibaki asilimia 9.2. Namba hii ya pili ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Kompyuta iko saibani, ofisini na chuoni Kibabii. Intaneti ya wengi katika kaunti ya Bungoma iko mfukoni, kwenye kioo cha simu, ambako kidole gumba kinaandika huku mtu akitembea, na simu yenyewe inamalizia maneno kabla hajayamaliza.

Hata hivyo naelewa kwa nini wazo hili linavutia, hasa mahali kama Malakisi. Mji huu umeishi kwa pamba na tumbaku. Mikono iliyochuma majani ya tumbaku, ikayapanga bandani, ikashika jembe miaka arobaini, mara nyingi haisomeki vizuri kwenye kioo cha alama za vidole. Wakenya walijionea udhaifu wa mitambo hiyo katika uchaguzi wa 2013, pale vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilipokwama katika vituo vingi na makarani wakarudia daftari la karatasi. Kabla ya uchaguzi wa 2017 Bunge lilibadili sheria ili kuwe na njia ya pili mtambo ukishindwa kumtambua mtu. Mwendo wa kuchapa hauhitaji kioo wala kamera. Kibodi ipo tayari, programu ni nyepesi, na mtu hatakiwi kufanya lolote zaidi ya kuandika. Mwaka 2013 Coursera, shule ya mtandaoni ya Marekani, ilianza kuutumia ili kuhakikisha kwamba anayefanya mtihani ndiye aliyejiandikisha: mwanafunzi alipigwa picha, akachapa sentensi fupi, akatambuliwa. Kwa kijana wa Kitale anayetaka cheti kitakachoaminiwa na mwajiri asiyemjua, huo ni msaada.

Lakini tuanze na kilichopo mkononi. Huduma ya kidijitali inayotumiwa kuliko zote hapa ni M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, na mlango wake ni namba nne za siri. Mibonyezo minne haina mwendo wa kutosha kumtofautisha mtu na jirani yake. Wengi wanaifikia kwa simu za kabambe, kwa *334#, njia ambayo namba husafiri zikiwa zimekwisha kuandikwa. Muda kati ya kitufe na kitufe haufiki kokote. Kwa hiyo pale pesa nyingi za watu wa kawaida zinapopita, mbinu hii haina pa kushika. Anayeahidi kwamba itakomesha wizi wa kubadilisha laini anauza asichokuwa nacho.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wauzaji wa programu hizi hawaligusi kabisa. Mwendo wa vidole hufuata maneno yaliyozoeleka. Mwandishi wa Kiingereza huchapa jozi za herufi za Kiingereza maelfu ya mara mpaka zinakuwa mwili. Kiswahili kina jozi zake: wa, ku, ni, na, li, na karibu kila neno huishia kwenye irabu. Lubukusu kina kh kila mahali, kama lilivyo jina la Lwakhakha. Na mtu wa Malakisi hachapi lugha moja. Asubuhi anaandika barua ya kazi kwa Kiingereza, mchana ujumbe wa kikundi cha WhatsApp kwa Kiswahili, jioni anamwandikia shangazi yake kwa Lubukusu au Kiteso au Kisabaot, na mara nyingi anazichanganya katika sentensi moja. Mtambo uliojifunza mwendo wake wa Kiingereza ukamkuta anaandika Kiswahili unaweza kumwona mtu mwingine. Dawa yake inajulikana: kukusanya mifano ya watu wetu wakiandika lugha zetu, kwa hiari yao, na kupima makosa kwa kila lugha kabla ya kuuza chochote. Idara za kompyuta za vyuo vikuu vya Kibabii na Masinde Muliro zinaweza kuifanya kazi hiyo kuliko maabara yoyote ya Ulaya, maana wanafunzi wenyewe ndio wenye lugha.

Kibodi za saiba nazo zina tabia zao. Herufi zimefutika, kitufe cha nafasi kinakwama, na mteja wa leo anaketi kwenye mashine tofauti na ya jana. Mwili pia hubadilika: kidole kilichokatwa na panga, macho yaliyozeeka, uchovu wa usiku. Haya hayahitaji maelezo marefu. Kila aliyewahi kuchapa anayajua.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko nje ya mashine. Teknolojia hii inadhani kwamba mwenye jina na mwenye vidole ni mtu mmoja, na asipokuwa mmoja basi kuna wizi. Huku kwetu kuandikiwa ni jambo la kawaida na la heshima. Kabla ya kompyuta kulikuwa na wenye taipureta kwenye baraza za miji, waliowachapia watu barua za mahakama na maombi ya mashamba. Aliyetia dole gumba chini ya barua hakuwa amegusa hata herufi moja, na barua ilikuwa yake. Leo mhudumu wa saiba amechukua kiti hicho. Anajaza fomu za mkopo wa HELB za mtoto aliyetoka shule ya kutwa bila kuwahi kushika kompyuta, anaomba cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, anamjazia mwalimu fomu za TSC. Nyumbani, mjukuu ndiye anayemtolea bibi yake pesa kwenye simu kwa sababu maandishi ni madogo. Bibi amempa namba yake ya siri kwa kumwamini, kama alivyompa ufunguo wa ghala.

Ukiuweka mtambo wa mwendo wa kuchapa kwenye mlango wa huduma hizi, utafanya mambo mawili mabaya. Kwanza, utamjua mhudumu wa saiba kuwa ndiye raia. Kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua akaunti, mwendo uliohifadhiwa ni wake, na siku mwenyewe atakapojaribu kuingia kwa simu aliyonunuliwa na mwanawe, atakataliwa kwenye akaunti yake mwenyewe. Pili, utamgeuza mtumishi wa kijiji kuwa mshukiwa, kwa sababu mtu mmoja anayechapa kwa majina mia anafanana kabisa na tapeli. Hasara itawaangukia wazee, wasiosoma na wenye ulemavu wa mikono au macho, yaani walewale ambao huduma za mtandao ziliahidi kuwafikia.

Sisemi kwamba kuchapiana hakuna hatari. Daftari la nywila la saiba ni hatari tupu. Zipo ritani zilizojazwa sifuri kwa mtu mwenye mshahara, na akaunti zilizobadilishwa namba ya simu bila mwenyewe kujua. Tiba yake ni kumpa mwakilishi nafasi iliyo wazi: aingie kwa jina lake, aseme anamfanyia nani, na mwenyewe athibitishe kwa simu yake. iTax tayari inamruhusu mlipa kodi kumteua wakala. Njia kama hiyo ingefanywa nyepesi na kufikishwa kwa mhudumu wa Malakisi, na si kwa makampuni ya uhasibu ya mjini pekee, ingefanya kazi ambayo hakuna mtambo wa kupima vidole utakaoiweza.

Lipo eneo jingine ambalo mbinu hii ingewagusa vijana wetu moja kwa moja, nalo ni kazi za mtandaoni. Kwa miaka mingi Wakenya wengi waliosoma wakakosa ajira wamekuwa wakiandika insha na tasnifu kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kwa majina ya wanafunzi hao. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imewafuata waandishi hao, ikiongozwa na macho ya profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya. Uingereza iliifanya biashara ya kuuza insha kuwa kosa kwa sheria ya 2022. Pamoja na hiyo kuna soko la akaunti za kukodi: kijana asiyekubaliwa kufungua akaunti kwa sababu ya nchi yake anatumia ya mtu mwingine na kugawana naye malipo. Mwendo wa kuchapa unaweza kuyafichua yote haya, na vyuo vya nje vina haki ya kujua ni nani aliyeandika mtihani wao. Ila tuone pia upande wa pili. Mtambo utakaomkamata mwandishi utamwacha mwanafunzi aliyenunua na kampuni iliyochukua sehemu kubwa ya pesa. Na kijana mwaminifu wa Bungoma, anayefanya kazi halali kwa akaunti yake mwenyewe, anaweza kufungiwa kwa sababu umeme ulikatika akahamia simu na mwendo wake ukabadilika. Akifungiwa, humo mtandaoni hapati ofisi ya kuiendea.

Wapi basi mbinu hii inafaa? Jibu langu ni kwamba inafaa kwa wenye mamlaka, wale ambao kuchapa kwao ni kutia sahihi. Mwaka 2015, katika kashfa ya shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa, mmoja wa maafisa wakuu alisema kwamba nywila yake ya IFMIS, mtambo wa malipo ya serikali, ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha yale ambayo yeye hakuyaidhinisha. Kauli hiyo ilimwacha kila Mkenya na swali ambalo nywila peke yake haiwezi kulijibu: ni nani aliyekuwa kwenye kiti saa ile? Afisa wa malipo hukaa kwenye mashine moja, kwa lugha moja, kila siku, kwa miaka. Anachapa mengi. Ana mkataba, ana mshahara wa umma, na hana sababu halali ya kumpa mwingine nywila yake. Masharti yote ambayo mkulima wa Malakisi hayatimizi, yeye anayatimiza. Mwendo wake ukibadilika ghafla saa tatu usiku huku malipo ya mamilioni yakipita, mtambo unapaswa kusimamisha malipo hayo mpaka mtu wa pili ampigie simu na kumsikia. Vivyo hivyo kwa karani wa sako anayeshika akiba za wakulima wa miwa na kahawa, na kwa afisa wa kaunti anayebadilisha rekodi za ardhi.

Hata hapo ushahidi huu uwe wa kuamsha swali, usiwe wa kufunga mtu. Kosa la asilimia mbili ni dogo kwenye chati. Kwa kaunti yenye wafanyakazi elfu moja wanaoingia kila asubuhi ni watu ishirini wanaoshukiwa bure kila siku. Na anayetaka kudanganya ana njia: programu ya siri inayorekodi vitufe hurekodi pia muda wake, na mwendo uliorekodiwa unaweza kurudiwa na mashine.

Mwendo huu una siri nyingine zaidi ya jina. Mwaka 2001 watafiti wa Berkeley walionyesha kuwa muda kati ya vitufe, ukinaswa unapopita mtandaoni, unasaidia kubahatisha nywila yenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa MIT walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dalili za mapema za ugonjwa wa Parkinson huonekana katika namna vidole vinavyoachia vitufe. Kwa daktari hiyo ni baraka. Kwa mwajiri au kampuni ya bima iliyokusanya data hiyo kwa kisingizio cha usalama, ni kuchungulia mwili wa mtu bila ruhusa yake. Nywila ikiibwa, hubadilishwa siku hiyohiyo. Mwendo wa vidole hauna mbadala.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inapoeleza data ya bayometriki inataja tabia ya mtu sambamba na maumbile yake, na inaiweka bayometriki katika kundi la data nyeti. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri kwa uzito. Mahakama nazo zimeonyesha kwamba sheria hiyo ina meno. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kadi za utambulisho za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu athari zake kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Mei 2025 iliamuru mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin ufute data za macho ya Wakenya, wale ambao nchi nzima iliwaona Agosti 2023 wakipanga foleni kwenye jumba la KICC jijini Nairobi kwa sababu ya ahadi ya shilingi elfu kadhaa. Tofauti ni kwamba foleni ya KICC ilionekana. Mwendo wa kuchapa hukusanywa kimya, ndani ya ukurasa wa kawaida wa kuingilia, bila taa kuwaka wala kidole kuombwa.

Kwa hiyo naiomba Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data itoe mwongozo unaotaja mwendo wa kuchapa kwa jina lake, na ilazimishe kila benki, sako, mwajiri na jukwaa la kazi linaloutumia kusema hivyo waziwazi, kwa Kiswahili, kabla ya kuanza kupima. Hazina ya Taifa na kaunti zianze na maafisa wao wenyewe kabla ya kumgusa raia. Nawe msomaji, ukiambiwa akaunti yako imefungwa kwa sababu "tabia yako haikutambuliwa", usirudi nyumbani. Uliza ni tabia gani iliyopimwa, ni lini uliridhia ipimwe, na ni mtu gani, mwenye jina na meza, aliyeukagua uamuzi huo. Kisheria wanawajibika kukujibu.